Julai ya Afra

Mwanangu Hamdiya ana tabia ya kuniambia jambo zito katikati ya mambo mepesi, ili lipite nisilione. Siku hiyo alinipigia simu akaniambia bei ya mayai imepanda huko Ohio, akaniambia mumewe ana mafua, halafu akasema, kwa sauti ile ile ya mayai, kwamba safari yao ya Julai inategemea mpira wa Afra. Hapo hapo akaanza kunisimulia habari za jirani yake na paka.

"Simama," nikamwambia. "Paka mwache. Rudi kwenye mpira."

Afra ni binti yake, mjukuu wangu wa pekee. Alipoondoka hapa kijijini Tumbe alikuwa mtoto mdogo ambaye halali mpaka ashike sikio langu la kushoto. La kulia nilijaribu kumpa, akalikataa. Sasa ana miaka kumi na miwili, na tangu waondoke hawajarudi hata mara moja. Mwaka mmoja karatasi za uhamiaji, mwaka mwingine yale maradhi yaliyofunga dunia nzima, mwaka mwingine Hamdiya na mitihani yake ya uuguzi. Mwaka huu nilitafuta kizuizi nikakikosa, nikaamini kwamba hatimaye nitamshika mtoto huyu kwa mikono yangu. Kumbe kizuizi kilikuwa kinakimbia uwanjani na jezi.

"Mama, kuno Ohio mpira wa watoto una madaraja mengi," Hamdiya alianza. "La chini kabisa ni ligi ya mtaa. Huko kila ntoto hucheza, ajue asijue, na mwisho wote huvishwa medali."

"Hata waliofungwa?"

"Hata waliofungwa. Afra kapita huko zamani. Sasa yumo kwenye klabu. Klabu yao ina timu tatu za umri mmoja, wazitaja kwa rangi. Yeye yumo nyeupe, ya kati. Juu yake kuna ligi ya jimbo, juu ya hiyo ya kanda, kisha ya taifa. Na huko juu ndiko vyuo vikuu hutafuta wachezaji, wakawasomesha. Sasa mama, akipanda tu kutoka hapo alipo, Julai nzima ni mashindano. Hupanda ndege kwenda kucheza."

"Na akibaki alipo?"

"Akibaki, twaja."

Niliaga kwa adabu, nikakata simu, nikavaa buibui na kwenda moja kwa moja kwa Silima.

Silima ni mdogo wangu. Amefundisha timu ya mtaa wetu mpaka sauti imemkauka, na ukimuuliza habari ya mpira ni kama umefungulia mfereji, utafute na ndoo. Nilimkuta barazani kwake anashona nyavu ya goli. Nikamweleza yote: mtaa, klabu, rangi, jimbo, kanda, taifa. Mimi nimesomesha skuli ya msingi miaka yangu yote ya kazi, jambo likinipita hulirudia mpaka linikae. Hili halikukaa.

"Dada, hili dogo," Silima akasema. "Timu hupandaje daraja? Hushinda. Timu ya Afra ikichukua ubingwa, yapanda. Isipochukua, yabaki papo hapo. Mpira ni mmoja dunia nzima."

"Hamdiya asema na wazazi hulipa ili mtoto acheze."

"Nchezaji ailipa timu?" Aliweka nyavu chini. "Ebo! Siye tukipewa chai na mandazi."

Basi tena, akaanza. Akanirudisha mwaka ule walipopanda daraja la kwanza. Mimi naukumbuka vizuri. Walirudi kutoka mjini Chake kwenye gari ya samaki, honi haikunyamaza njia nzima, na ndani alikuwemo kila mtu: wachezaji, mchua misuli, mpishi na sufuria lake, na yule kipa aliyekuwa akidaka kwa uso kwa sababu mikono ilikuwa haimsikii. Kipa naye alipanda daraja. Hakuna aliyemwambia ashuke. Hata wanawake ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani walisema, "Tumepanda."

"Wamebakisha mechi ngapi?" Silima aliuliza.

Nikamwandikia Hamdiya. Jibu likaja: wamebakisha moja, Jumamosi, na wakishinda wao ndio mabingwa.

Silima akanitazama, nami nikamtazama.

"Basi wakifungwa," akasema polepole, "ntoto aja."

Niliomba. Sitaki kujifanya malaika. Kila nilipokwenda sijida niliongeza maneno yangu: Yarabi, wafungwe. Si kwa ubaya. Goli moja tu litatosha, na asiumie mtoto wa mtu. Nilikuwa nikimaliza kuomba naona haya, nikiinuka naomba tena.

Jumamosi, asubuhi yao ni alasiri yetu. Ile klabu huweka kamera juu ya mlingoti, na mzazi asiyeweza kufika huangalia kwa simu. Silima alikuja na simu yake yenye kioo kikubwa, tukakaa ukumbini kwangu juu ya mkeka, simu tumeiegemeza kwenye birika. Uwanja wenyewe ulipotokea Silima alisogeza uso karibu na kioo. Haukuwa na shimo hata moja. Nilijua anauonea wivu, nikamwachia.

Watoto walikuwa wadogo kwenye kioo, wanakimbia huku na huku, na mimi sikumjua wa kwangu. Hamdiya aliniambia nimtafute kumi na nne, mwenye hijabu nyeusi ya kuchezea. Wenye nguo nyeusi kichwani walikuwa wawili, na namba zilikuwa hazisomeki. Nilichungulia mpaka macho yakatoka machozi. Kisha mpira ukatoka nje, wakasimama kusubiri urushwe, na mmoja wao akapeleka mkono kichwani, akalishika sikio lake juu ya kitambaa. La kushoto.

"Yule," nikasema.

"Wamjuaje?"

"Silima, angalia mpira wako."

Wapinzani wakafunga la kwanza. Nikasema alhamdulillahi, kwa chini. Dua ilikuwa inakwenda vizuri, na mimi nikawa nimeshaanza kuwaza nitamlaza wapi. Lakini kipindi cha pili Afra akapewa mpira pembeni, upande wa kushoto. Akampita mmoja. Akaja wa pili, mkubwa kuliko yeye, akamhadaa kwa mguu mpaka yule msichana akakaa chini mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimama saa ngapi.

"Piga!" nikapiga ukelele. "Piga weye! Wangoja nini? Piga, mwanangu!"

Akapiga. Mpira ukaingia juu kabisa, kipa hata hakuinua mkono. Niliruka, birika likaanguka na simu ikaanguka, nikamkumbatia Silima na uzee wangu huu, na jirani akaja mlangoni kuuliza nani amekufa.

"Dada," Silima akasema, akiokota simu, "si tulitaka wafungwe?"

"Nyamaza."

Wakafungwa. Dakika za mwisho ilipigwa kona, vichwa vikagongana, mpira ukapenya, mbili kwa moja. Afra alikaa kwenye majani akajifunika uso na jezi. Nilitamani kuingia ndani ya kile kioo nimfute machozi. Iliniuma. Lakini nisiseme uongo, chini ya maumivu yale nilikuwa na furaha kubwa, maana Mungu alinipa yote mawili: mtoto amefunga, na timu imefungwa.

Kesho yake nilianza kazi. Chumba cha Hamdiya nilikipiga chokaa. Nikaagiza kitanda kipya kwa fundi seremala, kwa sababu kile cha zamani kinalia, nikanunua na chandarua cha rangi ya waridi, ingawa sijui kama mtoto wa miaka kumi na miwili bado anaipenda rangi hiyo. Dikoni, mashua zinapotia nanga, wanawake wenzangu wanaosubiri samaki waliniuliza mgeni anakuja lini.

"Julai," nikawaambia. "Wamefungwa."

Walinipa hongera bila kuelewa.

Baada ya wiki hivi Hamdiya akapiga simu. Bei ya mayai, alisema, imeshuka kidogo. Moyo wangu ukashuka nayo.

"Sema, Hamdiya."

"Mama, ile Jumamosi palikuwa na kocha wa klabu kubwa kasimama pembeni. Kaliona lile goli. Kamwita Afra kwenye majaribio, na jana wamemchukua. Ligi ya kanda."

"Lakini mlifungwa!"

"Timu ilifungwa."

"Sasa yapandaje timu iliyofungwa?"

Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba muda wote huu mimi na Silima tulikuwa tunahesabu mambo ya Tumbe.

"Mama, kuno timu haipandi. Hupanda ntoto. Huchukuliwa mmoja, wenziwe wakabaki."

Nilikaa juu ya kile kitanda kipya. Nilimfikiria yule kipa wetu wa kudaka kwa uso. Nilijiuliza huko kwao angekuwa wapi, nani angemtazama, nani angempakia garini. Kisha nikalifikiria lile goli, na yule bibi kizee wa Tumbe aliyesimama akapiga kelele lipigwe.

"Afra ataka kusema nawe," Hamdiya akasema. "Hatujawajibu bado. Kakataa tuwajibu. Asema bibi ndiye aamue."

"Mie? Mie nahusu nini na kanda yenu?"

Lakini simu ilikuwa imeshabadilisha mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kiswahili chake kina vilima visivyo vyetu, lakini maneno ni ya mama yake, ya huku huku.

"Bibi, umeninunulia kitanda."

"Nani kakwambia?"

"Babu Silima."

Nikaapa moyoni nitamshughulikia Silima.

"Bibi, wataka nije? Ukisema nije, nitawaambia siendi kwao. Nitabaki na timu yangu nyeupe. Rafiki zangu wote wapo, wao hawakuchukuliwa. Kisha Julai nitakuja."

Neno lilikuwa mdomoni. Njoo. Neno dogo kama hilo, mtoto wa chekechea hulisema. Ningelisema, Julai angekuwa ndani ya chumba hiki, na usiku labda angelitafuta sikio langu bila kujua anatafuta nini. Nililitaka neno lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Weye wataka nini?" nikamuuliza.

Nikamsikia anadundisha mpira sakafuni, mara mbili.

"Nataka vyote viwili."

"Vyote viwili mwaka huu havipo, mwanangu. Lile goli, ulipiga kwa mguu upi?"

"Wa kushoto! Uliliona?"

"Nililiona. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza maiti yuko wapi."

Akacheka. Alicheka cheko la Hamdiya alipokuwa mdogo, lile la kukatikia puani. Na baada ya kucheka akaanza kunieleza goli zima upya, alivyomwona yule msichana mkubwa, alivyojua ataegemea wapi, na sauti yake ikawa inakimbia, maneno ya Kiingereza yanaingia yanatoka, hata hakukumbuka kwamba kuna kitu aliniuliza. Nilimwacha amalize. Hapo nilikuwa nimeshajua.

"Afra, nsikilize. Nataka uje mpaka maini yanikatika. Usije siku moja ukasema bibi yako hakukutaka. Lakini nenda kacheze."

"Na Julai?"

"Julai ipo kila mwaka," nikasema, kwa sauti ya mayai.

Akasema taratibu, kama anayenibembeleza mimi, "Kila mwaka kuna majaribio tena, bibi. Hata ukishaingia. Huwa wanawatoa watoto wengi. Wakinitoa, nitakuja hapo hapo."

"Inshaallah," nikamjibu, kabla sijafikiria ninaitikia lipi.

Kitanda kipo. Silima alitaka kumlaza hapo mgeni wake, mwamuzi kutoka Wete, nikamwambia mwamuzi alale kwenye mkeka kama watu. Jumamosi tunakaa ukumbini, simu tunaiegemeza kwenye birika, na kumi na nne sasa amekuwa saba, jezi nyingine, wenzake siwajui hata mmoja. Mpira ukitoka nje nasogea karibu na kioo, nangoja mkono uende sikioni.

Na katika sijida namwomba Mungu wasimtoe. Kisha, kabla sijainua kichwa, namwomba amlete. Silima asema siwezi kuomba yote mawili, lazima nichague moja. Silima huyo huyo aliyepanda daraja na mpishi wake na kipa wake, wote ndani ya gari moja. Yeye atajua nini.