Propela Iliyooshwa kwa Pombe

Siku ya mwisho ya mwezi wa ziada, ule unaoongezwa kwenye kalenda mara moja kila miaka michache, mwezi ambao mizimu haioni na wafu huhamishwa bila kinyongo, mifupa ya mzee Gwak ilifukuliwa alfajiri, ikafungwa karatasi nyeupe, ikatiwa sandukuni, ikapakiwa kwenye pikapu yake mwenyewe. Bwawa jipya lilikuwa linakuja kulimeza bonde. Kaburi jipya lilikuwa tayari juu ya mlima. Ilibaki safari tu, nayo ikafa njiani: kishindo kimoja, injini inavuma, magurudumu hayataki. Propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini nyuma, ilikuwa imekatika na kulala barabarani kama muwa uliotafunwa.

Taek-ho, mwana pekee wa marehemu, akajipenyeza uvunguni. Basi mzee akawa juu, katulia kwa heshima zote, na mrithi wake chini, anadondokewa na oili jichoni.

"Tutafute gari jingine, mama."

"Kijiji kizima kimehama. Utamwita nani, vyura? Tena baba yako hapandi gari la watu. Hata akiwa hai hakupanda."

"Akiwa hai alikuwa na miguu."

"Ndiyo maana nakwambia fanya haraka. Jua likizama kabla hajaingia udongoni, mwezi umeisha, naye hana pa kulala."

Taek-ho akatembea hadi barabara kuu, akapanda basi na vipande vya propela hadi yadi ya magari mabovu ya Bu Man-sik, ambako kila aingiaye huitwa bosi, hata mwenye suruali iliyochanika.

"Karibu, bosi. Lete mzoga wako tuupime."

Wakajaribu propela za yadini. Nyingine zilikuwa fupi. Nyingine matundu ya bolti hayakulingana. Mwisho ikapatikana moja iliyokubali. Man-sik akachora chaki pale nusu mbili za bomba zinapochomekana kwa meno.

"Hapa usichomoe. Misalaba, hivi viungo vya ncha zote mbili, lazima ilingane. Ikipishana jino moja tu, gari litacheza ngoma mpaka livunjike."

"Ilitoka gari gani?"

"Lilitumbukia mtoni na mwenyewe. Propela haikupata hata mkwaruzo, bosi. Ni yeye tu."

Taek-ho alikuwa na ila moja kubwa: hakujua kudanganya. Aliporudi, mama alipouliza, akasema yote.

"Ya mtu aliyekufa maji?" Mama aliiangalia propela kana kwamba inamkodolea macho. "Ndiyo imbebe baba yako, anayekimbia maji? Ioshe!"

"Nimeshaifuta."

"Kwa pombe. Ndani na nje." Akatoa chupa ya pombe ya mchele iliyokuwa ya tambiko la kaburini.

"Mama, fundi kasema isichomolewe."

"Fundi ndiye aliyekuzaa?"

Taek-ho akaichomoa. Mama akamimina na kusugua kwa pindo la sketi, huku akimbembeleza mzamaji aende zake salama. Mzamaji akaenda, na chaki ikaondoka pamoja naye. Taek-ho akazichomeka nusu mbili kwa kukisia, maana jua lilishainama, akarudi uvunguni na kukaza bolti.

Bondeni gari lilikwenda vizuri. Mlima ulipoanza, sakafu ikanguruma, usukani ukatetemeka. Ndani ya sanduku alilolipakata mama, mifupa ikaanza kugongana.

"Nimeikosea jino. Nisimame niirekebishe."

"Jua liko wapi?"

Lilikuwa limegusa mgongo wa mlima.

"Basi endesha."

Akaendesha. Kwenye kona kali msalaba ukapasuka, propela ikapiga chini ya gari mara moja, kukawa kimya. Wakashuka, wakabeba sanduku, mmoja huku, mmoja huku, sepetu juu yake. Kaburi lilionekana juu, mbali, na mama akatua upande wake wa sanduku kabla hawajafika hata nusu ya njia. Nguzo nyekundu, zinazoonyesha maji ya bwawa yatakapofikia, walikuwa wameziacha chini yao. Hilo tu ndilo walilolipata.

"Chimba hapa."

"Mama, hapa ni ukingo wa barabara."

"Ni udongo?"

"Ni udongo."

"Chimba."

Alichimba hadi mwanga ukaisha, wakamlaza mzee kichwa upande wa lami, miguu ikielekea bwawani. Taek-ho alifuta jasho. "Mwezi wa ziada mwingine ukija, tutampandisha juu."

"Utampandisha," mama akasema. Alikuwa anapima kwa nyayo udongo uliobaki kati ya mumewe na mtaro, kama utamtosha yeye mwenyewe kulala.