Fundo la Utosini

Shangazi alishindwa kukaa. Benchi la wageni lilikuwapo, kivuli kilikuwapo, lakini yeye alizunguka kando ya uzio kama kuku anayetaka kutaga. Ndani ya uwanja, mtoto wa kaka yake, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, alikuwa juu ya farasi mwekundu. Leo mwalimu alikuwa anampima: akifaulu, ataruhusiwa kupanda bila kushikiwa kamba.

Kilichomsumbua Shangazi ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Jana alimsuka Chiriku, maana msusi gani angekubali damu yake ipigwe picha na nywele timtim? Mtoto alilia kama kawaida, akidai Shangazi anavuta nywele kwa mikono ya koleo. Misuko yote ikabanwa juu utosini, fundo kubwa la kupendeza, na asubuhi Shangazi akajisifia kwa kila mama aliyekaa benchini. Lakini helmeti ilipimwa wiki iliyopita, nywele zikiwa zimelala. Leo iligoma kushuka. Chiriku akalegeza mkanda wa kidevuni, akaikandamiza, akapanda. Mwalimu alikuwa anakaza tandiko, hakuona. Shangazi aliona. Kila Chiriku alipogeuza shingo, helmeti ilibaki nyuma kidogo, kisha ikafuata.

Akanyamaza. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Shida ni kwamba mdomo ulikuwa wake na kichwa kilikuwa cha mtoto.

Akajiambia ni dakika chache tu, atashuka. Akaenda kulia, akarudi. Farasi naye akamgeuzia sikio moja. Alipokwenda, sikio likaenda naye, aliporudi, likarudi. Hatua za farasi zikawa fupifupi, shingo ikainuka.

Mwalimu akamwomba Shangazi kwa adabu atulie. Farasi, alieleza, hukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Akiona mtu anahangaika, huamini kuna hatari ambayo yeye bado hajaiona.

"Na ipo," Shangazi akasema. "Msimamishe. Helmeti haijamkaa. Ni hizo nywele zangu."

Kina mama wa benchini wakageuka wote. Chiriku akashuka amenuna, akinong'ona kwamba anaaibishwa mbele za watu. Shangazi alifumua fundo alilolihangaikia jana, akaishusha misuko hadi kisogoni, akaifunga kwa mpira. Helmeti ikashuka mpaka karibu na nyusi. Mwalimu akakaza mkanda, akaitikisa, na ngozi ya paji la uso ikatikisika pamoja nayo. Hapo akaridhika.

Chiriku akapanda tena. Shangazi akakaa. Mzunguko wa kwanza ukaenda vizuri. Kisha upepo ukapindua turubai lililofunika majani makavu, farasi akaruka pembeni, na Chiriku akabaki hewani peke yake. Kichwa kikagonga nguzo ya uzio. Shangazi hakujua aliuvukaje uzio.

Mwalimu akamzuia asimguse. Akamuuliza Chiriku jina lake na leo ni siku gani, akamwambia achezeshe vidole vya miguu, akampapasa shingo polepole. Shangazi alisimama akiuma kidole. Alilichukia turubai, alimchukia farasi, na kuliko vyote alijichukia yeye, kwa zile dakika alizonyamaza. Mwishowe mwalimu akafungua mkanda. Nyuma ya helmeti kulikuwa na ufa wa kuingia ukucha. Akasema hiyo haivaliwi tena, na mtoto lazima aonwe na daktari hata kama anacheka.

Ndipo Shangazi akaruhusiwa kupiga magoti. Akaingiza vidole katikati ya misuko, mstari kwa mstari, akitafuta uvimbe, akitafuta damu. Hakupata kitu. Akaanza upya kutoka mwanzo.

"Shangazi," Chiriku akasema, macho ameyafumba, "mbona leo huvuti?"