Sura ya Saba

Nilipewa kazi ya kufagia. Ndivyo Lokuruka, mkubwa wetu, alivyoiita: kurekebisha alama za mpangilio zilizoharibika kwenye hati ya usanifu ya Fundi, chombo chetu cha kuunganisha vipande vya programu. Vichwa vilikuwa vimepotea, majedwali yamepinda, viungo havifunguki. "Alama tu, Gumato. Maneno usiguse," alisema. Saa nane angeitangazia timu kwamba Fundi haitafanya kazi tena bila mtandao. Kuitunza hivyo kulimchosha, na eti jambo lenyewe halikuwahi kuwa kwenye usanifu.

Lakini jambo hilo ndilo linalomweka mwenzetu Chachu kazini. Chachu yuko kijijini Korbesa na mama yake mgonjwa, na mtandao wa huko huja unapotaka. Likiondolewa, ahamie Isiolo mjini au aache kazi.

Saa sita nikaona hati inaruka kutoka sura ya sita hadi ya nane. Nikafungua maandishi ghafi. Sura ya saba ilikuwepo, nzima: jinsi ya kuunganisha programu bila mtandao. Juu yake palikuwa na alama ya kuficha maelezo, ile ambayo usipoifunga humeza kila kinachofuata hadi ikutane na alama nyingine ya kufunga. Haikufungwa, na alama nyingine ya kufunga ilikuwa kabla tu ya sura ya nane. Nikatazama kumbukumbu za mabadiliko nimjue huyo mjinga. Mjinga alikuwa mimi, miaka miwili iliyopita, nikijiandikia ujumbe wa mstari mmoja: "Nirudi hapa baadaye."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha nikakasirika, maana mwisho wa sura palikuwa na jina la aliyeiidhinisha: Lokuruka.

Nikampelekea. Akasoma, akakuna kidevu.

"Wacha hivyo, bana. Ukifunga hiyo kitu, watu wote wataona ni wewe uliharibu. Na mkataba yako inaisha mwezi hii."

"Si ulisema nirekebishe alama?"

"Hiyo moja wacha."

Nikarudi mezani. Kuifunga alama ile kulitaka vibonyezo vitatu tu. Mkataba niliutaka, nisidanganye. Nina kodi na nina wadogo zangu. Lakini kumfukuza Chachu kwa uzembe wangu, halafu nikae kimya? Hapana. Nikabonyeza vyote vitatu, nikatuma.

Saa nane Lokuruka aliimulika hati ukutani. Chachu alikuwa kwenye simu, sauti yake ikikatika.

"Kama mnavyoona, hakuna mahali usanifu inasema..." Akafika sura ya saba. Jina lake lilikuwa pale ukutani, na kila mtu alikuwa akilisoma.

"Nani ameguza hii?"

Nikasimama. "Ni mimi. Na mwenye aliificha pia ni mimi. Andika jina yangu mara mbili, boss. Yako iko hapo tayari."

Simu ikakwaruza. "Gumato? Sijaskia," Chachu akasema. "Rudia."

Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi.