Programu Mbili Zenye Adabu

Mimi sina subira, na Mungu kwa kunijua akanipa wanaume wawili wapole kupindukia: baba yangu, Mwalimu Wilibrodi, na mume wangu, Obed. Wakikutana mlangoni hakuna anayeingia. Huyu anasema tangulia Baba, yule anasema hapana mkwe wangu, pita, na mimi niko nyuma yao na sufuria ya moto mikononi.

Baba alifundisha hesabu hadi akastaafu, na sasa anaishi peke yake kijijini Kaengesa na shamba lake la ulezi. Msimu uliopita alianguka shambani kwa presha, akaokotwa na jirani jioni. Kaka yangu Meshack, anayekaa Mbeya, akasema basi, Mzee anahamia kwake. Baba hakubishana. Akaanza kuacha chakula sahanini. Namjua baba yangu. Ukimtoa Kaengesa atakufa kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

Kumpigia simu hakusaidii. Ukimuuliza hali atakuambia salama hata akiwa amelazwa. Ndipo Obed akaja na wazo: Baba apime presha kila asubuhi, aiandike kwenye kompyuta yake ya mezani, na namba iende moja kwa moja kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyoko Dar es Salaam, ambayo Obed anaiangalia kutoka nyumbani kwetu Malangali. Mwalimu wa hesabu anaweza kusema uongo wa adabu, ila hawezi kuandika namba ya uongo. Meshack akakubali kwa shingo upande. Mtambo ukiwa unafanya kazi ifikapo Jumapili ya mwisho wa mwezi, Baba anabaki kwake. Usipofanya, Meshack anakuja na gari kumchukua.

Baba akasema programu ya upande wake ataiandika mwenyewe. Uzee wake anautumia kujifunza mambo hayo, amejifunika koti zito kwa ile baridi ya kwetu, miwani imefungwa uzi. Obed akaandika ya upande wa seva. Kati yao kuna soketi, ambayo ni kama simu: kila programu inashika upande wake, hii ikisema ile inasikia. Zikaunganishwa. Kwenye kioo cha Baba likatokea neno la kijani, "Imeunganishwa," halafu kimya.

Kimya hicho kilikaa wiki nzima na zaidi. Na hawa watu hawawezi kupigiana simu kuulizana makosa, wanapitia kwangu.

"Mwambie mkwe wangu seva yake ni nzuri mno," Baba ananiambia. "Kosa litakuwa langu."

"Mwambie Baba programu yake haina kasoro," Obed anasema. "Mimi ndiye niliyevuruga."

Kila mmoja akafumua kazi yake iliyokuwa nzima, akaishona upya, ikawa vilevile.

Jumamosi, Meshack akiwa anakuja kesho yake, nikaenda Kaengesa. Nikaketi karibu na Baba mbele ya kompyuta, nikampigia Obed na kuweka simu sauti ya juu.

"Baba, programu yako ikishaunganishwa inafanya nini?"

"Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Mama, mimi ndiye mgeni. Nimepiga hodi, mlango umefunguliwa. Nitaanzaje kusema shida zangu kabla mwenye nyumba hajanikaribisha?"

"Obed, umesikia? Na seva yako?"

Obed akakohoa kidogo. "Inamsubiri Baba aanze. Sasa Zita, mimi nimtangulie baba mkwe kusema?"

Jamani! Nilipiga meza hadi kipanya kikaanguka. Mzee ang'olewe nyumbani kwake kwa sababu mashine mbili zinaheshimiana!

Baba akasema basi abadilishe yake. Obed akasema hapana Baba, acha nibadilishe yangu. Baba akasema asingependa kumsumbua.

"Nyamazeni wote," nikasema, na sikuwa natania. "Obed, weka neno 'Karibu' kwenye seva yako. Sasa hivi."

Ulikuwa mstari mmoja tu. Baba akafungua tena programu, na kwenye kioo pakaandikwa: Karibu Baba. Akavua miwani, akaifuta, akaniuliza kama nimekula.

Jumapili asubuhi, nimesharudi nyumbani, Meshack alikuwa sebuleni kwetu Malangali, funguo za gari mkononi. Tuliizunguka kompyuta ya Obed. Namba ikaingia, presha ya kutisha: mia na tisini kwa mia na kumi na tano. Chini yake yakafuata maneno. "Nimepima mara mbili. Kipimo hakina kosa. Samahani kwa usumbufu."

Nilimwonea uchungu baba yangu. Angeweza kuandika namba yoyote nzuri, na nani angejua?

Meshack akasimama. "Inafanya kazi," akasema taratibu, "na ndiyo maana namchukua."

Hakuwa amekosea.

"Kaka, kwanza hospitali," Obed akasema. "Akipata nafuu arudi kwake."

"Akae na nani?"

Obed hakuniangalia mimi wala hakupitia kwangu. Aliivuta kompyuta, akamwandikia Baba mwenyewe: "Baba, tunakuja sasa hivi tukupeleke hospitali. Ukitoka, mimi na Zita tunahamia kwako. Kazi yangu inafanyika popote."

"Mwanaume mzima unahamia ukweni?" Meshack akamaka. "Watu watakucheka."

"Wacheke," Obed akasema, akabonyeza kutuma.

Nilimpenda pale hadi nikaona aibu mbele ya kaka yangu.

Jibu likachelewa. Meshack alikuwa ameshatoka kuwasha gari, nami nilikuwa natafuta viatu, Obed aliponiita nisome.

"Njooni na godoro. Lile la wageni panya wamelimaliza."