Hesabu Kumi Juu ya Mabega

Kwa miezi mitatu Chanthou alitafuta mahali ambapo binti yake angeruka bila kufa. Kuruka kwenyewe hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa pa kuangukia. Rumduol, mwenye miaka tisa, alikwisha kuruka kutoka paa la nyumbani hadi paa la kinyozi, kutoka kwa kinyozi hadi ukuta wa pagoda, na sasa alikuwa ameanza kulitazama tangi la maji la sokoni kwa jicho la mchumba. Chini ya hayo yote ni saruji. Binti wa muuza barafu alijaribu kumuiga mara moja tu, akavunjika mguu, akafungwa hogo la plasta hadi gotini.

Kumchapa hakukusaidia, maana fimbo nayo ilibidi imfuate juu ya paa. Kumfungia ndani ndiko kulikomfundisha matumizi ya dirisha. Ikabaki kumtafutia darasa.

Mwalimu wa kwanza alifundisha kuruka kuta, lakini wavulana tu. Wa pili alikuwa mji mwingine, Siem Reap, mwendo wa nusu siku kwa basi. Wa tatu alijiita bingwa. Alipoombwa aonyeshe pindu ya nyuma, alikaa kitako na hakuinuka mpaka alipopewa mkono. Wa nne alikuwa Mwalimu Phanna wa pale pale mjini kwao, Battambang, mwanamke aliyewahi kupaa kwenye bembea za sarakasi mpaka goti lake moja likakataa.

"Nafasi ni moja," Phanna alimwambia. "Njoo naye Alhamisi. Akisimama juu ya wenzake kwa hesabu kumi, ni yake. Asipoweza, mwakani."

Chanthou alifikiria mapaa yaliyokuwa kati ya Alhamisi na mwakani.

Mama yake, Bibi Horn, hakutaka hata kusikia. "Mguu juu ya kichwa cha mtu, palipo patakatifu pa mwili?" alisema. "Na watu wapige makofi? Nendeni. Lakini mtoto nitamfuata huko mwenyewe nimrudishe."

Chanthou alidhani ni maneno ya hasira. Alisahau kwamba mama yake hajawahi kusema neno la hasira bila kulitekeleza.

Alhamisi hiyo ukumbi wa bati ulikuwa umeshachemka kabla ya saa tatu. Magodoro yalipangwa chini. Heng, kijana mpana kama mlango, alisimama katikati, na Sokly, msichana wa miaka kumi na nne, akapanda mabegani pake. Rumduol angekuwa wa tatu, juu kabisa. Lakini kwanza alikutanisha viganja mbele ya kifua, akainamisha kichwa.

"Kaka, dada, niwieni radhi kwa miguu yangu."

"Umeiosha lakini?" Heng aliuliza.

"Mmoja."

"Basi panda kwa huo."

Phanna aliwageukia wazazi waliokaa ukutani. "Mzazi atakayepiga kelele, ajue ni yeye aliyemwangusha mtoto. Mdomo ufungwe."

Rumduol alipanda kwa paja, kwa mkono, kwa bega. Chanthou aliona nyayo zile mbili, mmoja kweli una vumbi, zikitulia kwenye mabega ya Sokly. Mtoto akanyoosha magoti. Akafungua mikono.

"Moja," alisema Phanna. Alihesabu polepole, kama mtu anayelipwa kwa kuchelewa. "Mbili. Tatu."

Goti la Sokly lilitetemeka, likatulia. "Nne. Tano."

Chanthou aliuma ncha ya skafu yake.

"Sita."

Mlango wa pembeni ukafunguka. Bibi Horn aliingia na mwavuli wake, mgongo umepinda, akaanza kukata ukumbi kumfuata mjukuu wake. Njia aliyoichagua ilipita mbele ya mnara wa watoto.

Chanthou aliyaona yatakayotokea kabla hayajatokea, kwa sababu ni yeye aliyeyafundisha. Tangu Rumduol alipojua kutembea, alimfundisha kwamba mkubwa akipita, mdogo hujishusha awe chini yake. Hata kama amebeba maji. Hata kama anakimbia. Alitaka kupaza sauti: usiiname. Akakumbuka onyo la Phanna, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Saba."

Kule juu, mtoto alimwona bibi yake. Mgongo ukaanza kupinda. Mikono ikaacha kujisawazisha ikatafutana, kiganja kwa kiganja. Sokly aliguna. Heng alisogeza mguu, akachelewa.

Rumduol aling'oka na kwenda kichwa mbele, upande usio na godoro.

Phanna alimfikia kwa goti lake lile bovu. Alimdaka kiunoni, wakabiringika wote wawili hadi kwenye godoro. Kisha Rumduol akakaa, mkwaruzo mwekundu shavuni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumaliza salamu yake.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi Horn alikuwa ameukamata mwavuli kwa mikono miwili.

"Imefika saba," alisema Phanna akihema. "Hesabu ni kumi."

"Mwalimu, ni kwa sababu..." Chanthou alianza.

"Nimeona sababu. Hakuogopa, aliinama." Phanna akamgeukia bibi. "Bi mkubwa, huyu hatapanda akasalimika kama hujampa ruhusa. Leo uko mlangoni, kesho utakuwa kichwani mwake. Mruhusu hapa, au mchukue muende. Kazi ya nusu nusu inaua watoto."

Bibi Horn alilitazama lile shavu, kisha sakafu tupu pembeni ya godoro.

"Aliniinamia," alisema taratibu. "Yuko kule juu, na akaniinamia."

"Ndivyo ulivyotulea, Mama," Chanthou alisema.

Bibi Horn alifungua skafu iliyofunika kichwa chake kilichonyolewa kwa nadhiri ya pagoda. Akaenda mpaka mbele ya Heng, akajishusha kwa shida, akakaa sakafuni miguu ameikunja upande.

"Kichwa hiki kimebeba masinia ya samaki miaka arobaini," alisema. "Miguu ya mtoto haitakiongezea harufu. Panda."

"Bibi, nikupite juu?"

"Nimesema panda. Na usinitazame. Tazama ukuta."

Rumduol aliomba radhi kwa watatu safari hii. Akapanda. Phanna alianza upya, moja, mbili, na Chanthou akaziona nyayo zile zikitetemeka mabegani pa Sokly, na chini kabisa, sakafuni, kile kichwa cheupe kisichotikisika. Kwenye saba Sokly alifumba macho. Kwenye nane mtoto aliyumba, akajisawazisha. Tisa ilichukua muda mrefu kuliko miezi mitatu.

"Kumi."

Rumduol hakushuka. Sauti nyembamba ikatoka juu.

"Bibi, nishuke?"

"Unaniuliza mimi?" alisema Bibi Horn, bado akitazama mbele. "Muulize mwalimu wako."