Turubai la Mita za Mraba Thelathini na Sita

Shemeji, mke wa kaka yangu, alilitandaza uani turubai nililomshonea, akapima upande mmoja kwa mkanda. Akanitazama. Akapima tena.

"Niliagiza mita za mraba thelathini na sita. Pande ni nne. Thelathini na sita gawa kwa nne, tisa. Hapa hata sita hazifiki. Zangu tatu na ushei ziko wapi?"

"Shemeji, kinachogawiwa kwa nne ni mzunguko, si eneo."

"Usinizungushe na wewe!" Akampigia kaka simu aje aamue kama kuna mwizi.

Nilidhani mkanda wake ulikuwa umepinda, ndiyo maana sita hazikufika. Cherehani yangu ilikaa kwenye banda la kaka, kwa hisani tu. Akiamini nimemwibia mkewe kitambaa, siku hiyo hiyo ningetafuta pa kuihamishia.

Nikachukua chaki. Kwenye sakafu ya banda nikachora miraba ya mita moja moja, safu sita, kila safu miraba sita.

"Hesabu mwenyewe."

Akahesabu kwa kidole cha mguu, mraba baada ya mraba. Alipofika thelathini na sita akarudia akianzia mwisho, kana kwamba ningeweza kumwibia njiani.

"Namba ukiizidisha kwa yenyewe ikatoa thelathini na sita," nikamwambia, "ndiyo upande wako. Inaitwa kipeuo cha pili. Hapa ni sita. Kwa tisa ungefunika themanini na moja."

"Haya, sita. Tandika juu yake."

Tukalitandika, pembe kwenye pembe. Kwenye pande mbili ukanda wa sakafu ukabaki wazi, upana wa kiganja. Shemeji akaunyooshea kidole.

Nikainama nikashika pindo. Nilikuwa nimekata mita sita kamili, kisha nikakunja sentimita tano kila ukingo nikashona. Hesabu nilikuwa naijua, pindo nililisahau.

"Nimekosa, shemeji. Kila upande umebaki mita tano nukta tisa. Ukizidisha, karibu thelathini na tano."

"Kwa hiyo nilipunjwa."

"Ulipunjwa. Nafumua sasa hivi. Ukingoni nitashonea utepe badala ya kukunja."

Kaka akaingia getini. "Mmeniitia nini? Kuna mwizi au hakuna?"

Shemeji akavuta kigoda karibu na cherehani, akaketi na mkanda wake mapajani.

"Hakuna," akasema. "Ila mimi siondoki hapa mpaka amalize."