Kutoka Kiti Hadi Kiti

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia kupiga pasi nguo za watu. Sebule yake ilijaa viti, na kila aliyeingia alilalamika. Kimoja kilisimama mlangoni mwa chumba cha kulala, kingine katikati ya njia. Meza ilikaa mshazari, na kabati la vyombo lilijitokeza mbele. Wageni walijigonga magoti. Yeye hakujigonga. Tangu miguu ianze kumsaliti, alivuka sebule kwa mkono: kiti, meza, kiti, kabati, mlango. Mgeni akisogeza kiti, Bi Pasi alingoja aondoke, kisha akakirudisha. Hakuna aliyejua.

Asubuhi moja mwanawe, seremala, alikuja amekunja mikono ya shati, akamkuta bado kitandani.

"Mama, leo tunafungua njia. Nimesikia kliniki wazee wanaangushwa na vitu vilivyozagaa ndani."

"Wazee gani hao?"

"Wewe."

"Mimi nimekula chumvi nyingi tu. Mzee alikuwa babako."

Seremala alicheka, akainua kiti cha kwanza. "Cheka tu. Lakini ukianguka sikuulizi tena, unahamia kwangu."

Bi Pasi akapiga hesabu. Angesema, "Usiguse, hicho ndicho mguu wangu," nyumba yake ingefungwa siku hiyo hiyo. Akajikaza kisabuni. Viti vikapangwa ukutani, kabati likasukumwa kwenye kona.

"Umeona? Sasa unaweza hata kucheza muziki."

"Nitafutie na bwana wa kucheza naye, basi."

Kabla ya kuondoka, kwa mapenzi yake, mwana alimbandikia maji ya chai. Bi Pasi alibaki kitandani akiitazama sebule kupitia mlango ulio wazi. Alipanga kukokota angalau kiti kimoja, akishapata nguvu. Lakini maji yalianza kuchemka, kifuniko kikawa kinarukaruka. Akainuka. Mlangoni akanyoosha mkono pale alipozoea kunyoosha, na mkono ukashika hewa.

Alilala sakafuni akisikiliza maji yakikauka. Harufu ya sufuria kuungua ndiyo iliyomleta jirani.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walimpasua, wakaunga mfupa, na daktari akasema umeshika vizuri. Bi Pasi akahamishiwa kwa seremala. Mkwewe alimtunza kama yai, na kila mgeni alimwambia, "Pumzika, mama." Akapumzika mpaka miguu ikakonda. Nyayo zikigusa sakafu, aliiona sakafu inamkimbia, akaomba alazwe tena. Chakula alikionja tu. Utani ukamwisha.

Siku moja seremala alikwenda kumletea nguo zake. Alirudi na mkokoteni wa viti.

"Mama, vanishi imelika mahali pamoja tu, kila kiti. Na mezani. Na kwenye ukingo wa kabati. Pana ukubwa wa kiganja." Akakitazama kiganja chake. "Ulikuwa unashika."

"Nilikuwa nashika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihamisha."

Seremala alitazama kitanda cha mama yake na dirisha ambalo halikuwa lake. Akaanza kupanga viti.

"Hiki kilikaa wapi?"

"Mbele kidogo. Bado. Wewe ni seremala wa namna gani usiyejua kuweka kiti? Hapo."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu aanguke. Seremala akapata matumaini, akaviweka vyote kutoka kitandani hadi mlangoni, akampa bega. "Simama, mama. Nipo."

Bi Pasi akanyoosha mkono. Kiganja kikakuta mahali pake kwenye mgongo wa kiti, palipolika, palipozoeleka. Akakaza vidole. Akajaribu kuinuka, lakini miguu haikuitika.

"Kesho, mwanangu."

"Sawa, mama. Kesho."

Kesho yake akasema kesho. Kila jioni alilala akiwa amekishika kile kiti, na hakuna aliyethubutu kukisogeza.

Alipofariki, watu waliokuja kumchukua walilalamika kwamba viti vimeziba njia. Kijana mmoja akainama akiondoe cha kwanza.

"Acha," seremala akasema. "Acha, ndugu yangu."

Akavisogeza mwenyewe, kimoja kimoja, polepole, akianzia mlangoni. Kile cha karibu na kitanda akakiacha mwisho.